Masikio ya Tembo Hayapandwi mu Shimo Tupu

Aline, na ninyi wenzake wote wa ile pepinyeri, bustani ya miche, ya Himbi, jambo yenu. Mulikuja kwangu Mabanga siku ya posho, ile Jumamosi, mukabanana ku benchi yangu ya mulangoni, mukaniambia: "Mama Neema, tufundishe kulima masikio ya tembo, yale maua ya majani makubwa. Watu wanayaomba kila siku, na kwetu yanakufa tu." Nilifurahi, siwadanganye. Mutu akishazeeka hakuna anayemuuliza kitu isipokuwa kama amekula. Ninyi muliniuliza kazi.

Mukanipandisha ku moto, ile pikipiki ya kukodi, mimi na magoti yangu haya, mukanipeleka kuona parsele yenu, kile kiwanja kando ya ziwa. Miche yenu ni mizuri, mikono yenu ni safi, nilipenda. Kisha mukanizungusha nyuma ya ukuta mukanionyesha shimo. Mumelichimba ndani ya makoro, lile jiwe jeusi la volkano tunalolalia sisi wote wa Goma, na limeenda chini kupita kimo cha mutu. Huko chini mumepanga bidoni zenu, yale madumu ya plastiki, zenye masikio ya tembo, ili upepo wa ziwa usiyapasue. Aline, wewe ukaniambia: "Hapa ndiyo itakuwa bustani yenyewe, Mama. Tunangoja udongo tu. Utakuja njia ikifunguka."

Mutakumbuka niliomba kiti. Mulifikiri ni jua. Haikuwa jua. Bwana yangu, Baba Neema, alikufa mu shimo kama hilo, mu kartie hiyohiyo ya Himbi, akingoja udongo uliozuiwa na njia iliyofungwa, kama ninyi. Niliwaambia mutoe zile bidoni na mujaze shimo. Mukajibu, "Ndiyo, Mama," ile ndiyo ya kumuhurumia muzee ili arudi kwake salama. Ninaijua. Nami niliwajibu wazee wangu hivyohivyo.

Basi leo ninasema yote, na Neema binti yangu anaandika, maana macho yangu hayafuati tena mistari. Nitawafundisha masikio ya tembo vile muliomba. Lakini nitarudi ku lile shimo, na mukifika hapo musiruke.

Kwanza mujue kazi hii haikunitafuta kwa heshima. Nilizaliwa upande wa Bukavu, kwetu mateke, yale magimbi, yanaota kando ya mufereji bila kuombwa, mama yangu alikuwa anayakata kwa kisu cha jikoni na kutupikia. Nilipoolewa nikaja Goma, nililia. Sikulia kwa sababu ya bwana, hapana, bwana alikuwa mwema. Nililia kwa sababu nilitafuta pahali pa kupanda hata lengalenga, mboga tu, nyuma ya nyumba, jembe likagonga jiwe, nikasogea, likagonga jiwe, nikasogea tena mpaka nikafika ku ukuta wa jirani. Baba Neema alikuwa amesimama mulangoni ananiangalia. Akasema, "Bibi, hapa jembe ni la kushikia ku picha tu."

Yeye alikuwa mvunja makoro kule Ndosho, anauza mawe ya kujengea. Siku moja Muzee Batolomayo, aliyekuwa anatunza bustani za manyumba makubwa ya Himbi, alimwita aje amutobolee jiwe pahali pa kupanda. Nikaenda naye kubeba udongo. Yule muzee alikuwa mukali, hakusalimia mutu kabla ya kumaliza chai yake. Aliniona nimeshika jani moja kubwa kwa chini, ku shina, si ku ncha, kama mama yangu alivyonifundisha. Akaniuliza, "Nani alikuonyesha?" Nikamwambia ni mateke tu, Muzee, kwetu ni chakula. Akamaliza chai, akasema: "Sawa. Bwana avunje, bibi ajaze."

Ndivyo tulivyogawana kazi maisha yetu yote. Yeye avunje, mimi nijaze. Watu wa Himbi walituita hivyo hata kama hatupo: "Waite wale, mwenye kuvunja na mwenye kujaza." Mwanaume akivunja shimo asubuhi, mimi jioni nimelijaza. Hatukuwahi kulala tumeacha shimo wazi, isipokuwa mara moja.

Sasa musikie kazi. Masikio ya tembo ni ndugu ya mateke, ila si ya kula. Yanataka vitu ambavyo Goma haina: udongo mwingi, maji yasiyokauka, na pahali pasipo upepo. Kwa hiyo unayatengenezea Goma nyingine ndani ya Goma. Ukipanda chini, unavunja makoro mpaka upate shimo pana, pana kuliko refu, hapo ndipo wengi wanakosea. Chini unaweka makoro mepesi, yale yenye matundu, ili maji yapite. Juu yake udongo wa Kibumba au wa upande wa Sake, uliochanganywa na mbolea ya ngombe iliyokauka mpaka haina harufu. Mbolea mbichi inachoma mizizi. Mukiona jani linakuwa na ukingo wa rangi ya chai, mujue mulikuwa na haraka.

Kama ni mu chombo, pipa ya chuma iliyokatwa nusu ndiyo nzuri. Bidoni inafaa kwa mutoto, si kwa mukubwa. Jani linafuata chombo: ukilinyima nafasi chini, litakunyima ukubwa juu. Toboa matundu kwa musumari uliochomwa ku moto. Na usiweke chombo moja kwa moja juu ya makoro saa ya jua, maana lile jiwe jeusi linashika moto na kupika mizizi huku wewe unamwaga maji juu na kushangaa. Weka mbao mbili chini. Nimeona mapatro, wenye manyumba, wameleta mbolea ya pakiti kutoka mbali, kumbe kilichokosekana ni mbao mbili.

Mulima wetu wa volkano ukitoa majivu, osha majani na kitambaa laini, maji ya robine, ya bomba, au ya ziwa. Musitumie mvua ya siku hiyo, inaacha matone ya kahawia yasiyotoka. Na tafadhali, musipake mafuta. Kulikuwa na boyi mumoja wa jikoni, mutoto mwema, alisikia kwamba wageni wanakuja, akapaka majani yote mafuta ya kukaangia ili yang'ae. Yaling'aa kama viatu vya pasteri. Kesho yake vumbi yote ya barabara ikalala pale na haikuondoka tena, na nzi pia. Baba Neema alimwambia, "Ungeongeza chumvi basi, tuyale."

Hata kuyala watu wameyala. Kambale, mutu wa zamu, mulinzi wa geti, ambaye mutamusikia tena mbele, alikuwa Munande wa upande wa Butembo, mutu wa kimya, wa sala, lakini tumbo yake haikuwa ya sala. Alikuwa anayaita "mateke ya wazungu". Siku moja nilikata kizizi kikubwa nikakiweka kando nikigawe. Niliporudi, kizizi hakipo, na Kambale amekaa ku geti mudomo wazi, machozi yanatiririka, koo inamuwasha hawezi kusema. Alikuwa amekipika na maharagi. Nilimpa maziwa, na Baba Neema akamuuliza pole pole, "Wazungu wanaendelea namna gani?" Toka siku hiyo Kambale alikuwa rafiki yetu. Maji ya shina lile yanawasha hata ngozi, kwa hiyo mukikata musijipanguse macho.

Jambo la mwisho alilotufundisha Muzee Batolomayo ni tone. Asubuhi mapema, jua halijapiga, piga magoti, inua jani kidogo, angalia ncha yake kwa chini. Ukikuta tone la maji, mumea umeshiba, weka ndoo yako chini uende kwa mwingine. Usipokuta tone, mwagilia. Hakuna kipimo kingine cha kweli. Kidole mu udongo kinadanganya, maana juu panaweza kukauka na chini kumejaa. Muzee alikuwa anatupigisha magoti kila asubuhi mbele ya kila mumea, na alipokufa, Baba Neema aliendelea hivyohivyo. Nilimcheka, nikamwambia anapiga magoti mingi kwa majani kuliko mu misa. Akajibu kwamba majani yanamujibu.

Munaona, watoto wangu, ni vitu vizuri. Ndiyo maana sikuweza kuvichukia, hata baadaye.

Kulikuwa na madamu mumoja, mufanyabiashara, alijenga kando ya ziwa. Sitamutaja jina, na hakuwa mutu mubaya. Alitaka bustani ya chini: ngazi za mawe zishuke, na huko ndani masikio ya tembo pande zote, mutu akae kivulini asikie ziwa bila kupigwa na upepo. Baba Neema alipenda ile kazi kuliko kazi zote za maisha yake. Alivunja siku mingi, baramina, ule mutarimbo wa chuma, ikalia ku jiwe mpaka majirani wakalalamika. Lilikuwa shimo la kwanza ambalo aliniambia, "Hili kubwa, utalijaza na lori." Chini tungeweka udongo mpaka nusu, ndipo tupande.

Lori ikalipwa, na njia ikafungwa. Hamuhitaji niwaelezee, ninyi mumekulia ndani ya njia zinazofungwa. Vita vilikuwa vimekaa barabarani, udongo ulikuwa upande mwingine. Madamu akapiga simu, wakamwambia wiki hii, kisha wiki ile. Na mimea ilikuwa tayari, nilikuwa nimeilea mu nusu mapipa, imekuwa mikubwa, na upepo wa ziwa ulianza kuipasua. Jani likishapasuka halishoneki. Basi Baba Neema akasema: "Tuishushe humo ndani na mapipa yake. Shimo litaikinga. Udongo utakuja njia ikifunguka."

Maneno yaleyale, Aline. Ndiyo maana niliomba kiti.

Na ikapendeza. Niwaambie kweli, sijawahi kuona majani kama yale. Hayakuguswa na upepo, yakafunguka mazima, rangi yake nzito. Watu walikuja kupiga picha kutoka juu. Sisi wawili tulisimama pale juu kama wazazi siku ya batizo. Kile kizuri ndicho kilitudanganya. Pahali ambapo upepo haufiki kupasua jani, haufiki pia kufukuza mazuku.

Mazuku munaijua, kila mutu wa Goma ameisikia toka tumboni. Ni hewa mubaya inayotoka ardhini kwa nyufa za jiwe. Haina harufu, haina rangi, ni nzito kuliko hewa yetu, kwa hiyo inakaa chini mu mabonde kama maji. Upepo na jua vinaifukuza. Asubuhi mapema, ziwa likiwa limelala, ndipo imejaa. Mbuzi anashuka kula majani, haamki. Haya yote tuliyajua. Lakini tuliyajua kwa majina ya mahali. Tulisema mazuku iko Bulengo, iko kule kwenye lile bonde, mama zetu walituonyesha na kidole: musipite hapa. Ile parsele ya madamu ilikuwa tambarare, na hakuna mutu aliyewahi kuionyesha na kidole. Hatukufikiri kwamba ukivunja jiwe mwenyewe, unaweza kuifungulia mulango. Kwa sisi mazuku ilikuwa na adresi, na adresi ile haikuwa kwetu.

Kambale ndiye alikuwa analinda geti ya madamu, na kuku wake alikutwa amekufa mu lile shimo. Kisha mijusi. Mupishi wa nyumba alikuwa ameweka dawa ya panya wiki hiyohiyo, basi Kambale na mupishi wakagombana vibaya kwa sababu ya kuku, mpaka madamu akalipa kuku yamalizike. Kila mutu alikuwa na jibu, na jibu lilitosha. Sisemi hivi ili nijilaumu. Nimejilaumu vya kutosha, padri akanikataza. Ninasema ili mukikuta mujusi amekufa chini, musitafute nani aliweka dawa.

Kazi ya tone ilikuwa ya Baba Neema, kwa sababu ya magoti yangu, hata wakati ule yalianza kusumbua. Kawaida alikunywa chai nyumbani kwanza, akatembea pole pole mpaka Himbi, na alipofika upepo ulikuwa umeshaanza kuamka ziwani. Hatukujua kwamba chai ile ndiyo ilikuwa inamulinda.

Siku ile ilikuwa proklamasyo. Neema alikuwa anamaliza shule ya musingi, na matokeo yangesomwa mu uwanja wa shule mbele ya wazazi wote. Munajua siku ile vile iko, hata mwenye deni anavaa vizuri. Nilikuwa nimefua shati nyeupe ya Baba Neema, nikaipiga pasi ya makaa, nikaitundika ku musumari. Aliamka kungali giza kidogo, akavaa nguo za kazi. Nikamwambia, "Kunywa chai basi." Akajibu, "Nitakunywa nikirudi. Nachungulia tone tu, nirudi nioge, tuende na mutoto wetu." Akagusa ile shati kidogo ku mukono wake, kuona kama imekauka, akatoka.

Nilikuwa ninamusuka Neema nywele wakati motari, mwenye pikipiki, alipofika. Hakuzima moto yake. Akasema, "Kambale amenituma, Mama, kuja mbio." Nilimwachia jirani kichwa cha mutoto nusu kimesukwa, nikamwambia ampeleke ku shule, sisi tutawakuta.

Nilifika. Watu walikuwa wamezunguka shimo. Nikasukuma, nikaona. Baba Neema alikuwa chini, amepiga magoti mbele ya lile pipa kubwa, paji la uso limeegemea ukingo, mukono mumoja uko chini ya jani. Vile alivyofanya kila siku. Nikadhani anaangalia tone. Nikamwita, nikamwambia, "Baba Neema, utatuchelewesha." Watu wakaniangalia, na hapo nikaelewa, nikaanza kushuka ngazi.

Kambale akashika kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, kwa nyuma. Nikavuta, akavuta. Nilimupiga, nikamutukana maneno ambayo sikujua kama ninayo. Kikwembe kikafunguka chote kikabaki mikononi mwake, nikawa nimesimama na jupo ya ndani mbele ya wanaume wa watu. Akaniacha kikwembe akanikamata kiuno, akaniambia ku sikio: "Mama Neema, ukishuka, mutoto atabakia na nani?" Mukono mwingine alikuwa ameshika kamba. Ku mwisho wa kamba kulikuwa kopo na mushumaa ndani. Walikuwa wameshaushusha mara mingi kabla sijafika, na kila mara ulizima kabla ya kufika ngazi ya katikati; pahali mushumaa unazima, mutu naye anazima.

Tulingoja upepo. Ndiyo, watoto wangu. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Wanaume walipepea na mabati, wakachoka, na mimi nilikaa ukingoni, Kambale ameshika mukono wangu, bwana yangu yuko pale chini ninamuona kisogo, na ziwa limetulia hata jani moja halitikisiki. Maisha yangu yote niliomba upepo wa ziwa usije, usipasue majani. Asubuhi ile niliuomba uje. Ulikuja wakati wake. Majani yakaanza kutikisika kidogo juu ya kichwa chake, Kambale akashusha tena mushumaa, haukuzima, na wakashuka kumutoa.

Hapa Neema ameweka biki yake ya kuandikia chini, amesema anaenda kuangalia chungu jikoni. Hakuna kitu ku moto. Nitamungoja.

Amerudi. Anasema niendelee, na anasema mimi nimesahau kutaja kwamba alifaulu vizuri. Alifaulu vizuri sana. Alirudi anakimbia, bulletin ya matokeo mukononi, nywele nusu zimesukwa, akimuita baba yake toka barabarani. Alikuta wamama wa shirika, wale tunaosali nao, wamekaa chini mbele ya nyumba yetu. Ile shati nyeupe tulimuzika nayo.

Siku za matanga zilikuwa hazijaisha njia ikafunguka. Lori ikaja, ikamwaga udongo ku geti ya madamu, mweusi, muzuri, wenye unyevu. Madamu alikuja kwangu analia, akasema ataleta simenti azibe, asilione tena. Nikamwambia hapana. Nikafunga kikwembe, nikaenda. Watu walisema si desturi, mujane habebi udongo siku za matanga, anakaa ku mukeka. Nikawaambia yeye alivunja, na mimi kazi yangu ni kujaza. Wamama wa shirika waliposikia hivyo, mumoja akasimama akaenda kutafuta beseni yake, na wengine wakamufuata. Kambale alikuwa anaupakia na chepe. Hatukuimba. Tulijaza mpaka juu, tukakanyaga, tukajaza tena.

Ninamalizia na kitu ambacho sijawahi kumwambia mutu, hata Neema anakisikia leo. Wakati ninabeba udongo, kila safari nilipita kando ya lundo la makoro. Yale aliyoyavunja Baba Neema mwenyewe. Yalikuwa pale pale ukingoni mwa shimo wiki zote zile, yamepangwa vizuri, tulikuwa tunayatunza kwa kujenga ukuta. Tulikuwa tunangoja udongo kutoka mbali, huku shimo lina mawe yake mulangoni. Tungeyarudisha nusu tu, shimo lingekuwa fupi, mutu angepiga magoti na kichwa chake kingebaki mu upepo. Udongo ungekuja siku unataka. Nilisimama pale na beseni ku kichwa, nikashindwa kutembea, mama mumoja akanisukuma mugongoni akifikiri nimechoka.

Kambale aliniletea kikwembe baadaye, amekifua, amekikunja. Sikukipokea mwaka ule. Nilimuona ku njia nikavuka upande mwingine, si kwa chuki, ila sauti yake ilinirudisha ukingoni. Alipokuwa anarudi kwao Butembo kuzeekea, alipita kuniaga, nikamwomba kikwembe, akakitoa mu sakoshi, mufuko wake wa safari. Tulikunywa chai. Ndicho nilikuwa nimevaa siku mulipokuja, kile cha kijani kilichopauka.

Na lile pipa kubwa pamoja na mumea wake, madamu alinipa, au niseme alilitoa kwake. Nililiweka nyuma ya nyumba Mabanga, sikulimwagilia. Sikutaka kulikata, sikutaka kuliona. Mvua ikalinywesha, likatoa mutoto, kisha mwingine. Siku moja nikajikuta nimepiga magoti asubuhi, nimeinua jani, ninatafuta tone. Lilikuwepo. Nikalia pale mpaka Neema akaja kuniinua. Kesho yake nikatafuta kisu nikagawa watoto wake. Masikio ya tembo yote niliyouza mu Himbi toka siku hiyo yametoka mu pipa lile.

Sasa mengi yamekwisha. Nyumba mingi za kule zimefungwa, wenyewe wameondoka, bustani zimekauka ndani ya kuta, na nimesikia kwingine watu wenye njaa wamechimba mizizi wakaipika kama Kambale, bila maziwa ya kuwatuliza. Ninahuzunika kwa mimea, na kwa wale watu zaidi. Kwangu umebaki mumea mama mumoja barazani, na mutoto wake mumoja mu bidoni. Huyo ndiye niliwawekea.

Aline, ninajua njia imefungwa, na ninajua hamuna pesa ya udongo. Makoro yenu muliyovunja yako kando ya shimo, niliyaona, mumeyapanga vizuri. Toeni bidoni zenu leo, saa za muchana, upepo ukiwa unavuma, na muzivute na kamba kutoka juu, mutu asishuke. Kisha murudishe yale mawe yote ndani. Yakipungua, tafuteni mengine, hii ni Goma. Bustani mutaipanga juu, mu mapipa, na mutaegesha mabati upande wa ziwa kwa ajili ya upepo. Haitapendeza kama ile ya chini. Najua, niliiona ile ya chini.

Mukimaliza, munitumie moto. Nitakuja na ile bidoni mapajani, pamoja na kiti changu, na kiti nitakiweka pale palipokuwa shimo. Nikiweza kukaa, mutoto ni wenu. Nikikuta bado wazi, nitarudi naye Mabanga.